Karatasi Nne za Mwisho za Toma

Nyumbani kwangu hakuna taa ya mafuta. Wageni wangu wamezoea kunisikia nikisema hivyo, na bado nitasema. Juu ya paa langu kuna paneli kumi na mbili za sola, nimezifunga mwenyewe kwa mikono hii, na mapaa mengi yanayong'aa katika barabara yetu hapa Kamina ni kazi yangu. Diploma yangu ya umeme imetundikwa sebuleni ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Niliipata Lubumbashi huku nikiuza mikate kila alfajiri kabla ya masomo. Hakuna mjomba wala mfadhili aliyenilipia. Nikafanya kazi Kolwezi, nikavuka mpaka nikafanya kazi Kitwe, halafu nikarudi nyumbani na gari langu, vifaa vyangu na jina langu.

Mwezi uliopita nilikuwa nafunga taa kwa mzee mmoja karibu na stesheni. Aliniomba nimsogezee bidoni la zamani, dumu la mafuta lililokuwa jikoni, ili nyaya zipite. Kifuniko kilikuwa kimelegea, na yaliyobaki ndani yakanimwagikia mkononi. Ilikuwa petroli, kama tunavyoyaita mafuta ya taa huku kwetu. Ninyi wa rika langu mnaijua ile harufu: hunawi ikatoka, inakufuata hadi kwenye bukari, ugali unaokula. Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Nikawa tena msichana wa miaka kumi, mkaidi, mwenye mdomo, nikiamini kwamba mtaa mzima unaishi kwa sababu mimi najua kusoma.

Ilikuwa miaka ya vita. Sina haja ya kuwaeleza. Treni zilikuwa zinakuja pale zinapoweza, na baba yangu, karani wa reli, alivaa shati safi kila asubuhi akaenda kukaa katika ofisi ambayo haikuwa na kazi wala mshahara. Watu waliotoka kaskazini walikuwa wanalala ndani ya mabehewa na kuanika nguo zao kwenye reli. Askari walipita wakiimba asubuhi na kupita kimya jioni. Pesa ilikuwa inapoteza nguvu kati ya asubuhi na magharibi, kwa hiyo mtu mwenye akili alipendelea kulipwa chumvi, samaki mkavu au sabuni. Shule ilifunguliwa wiki hii, ikafungwa wiki ijayo. Lakini mimi nilisoma. Nilisoma vibao vya stesheni, maandishi ya makopo ya maziwa, karatasi za dawa, nyimbo za kanisani kutoka mwisho kwenda mwanzo. Hakukuwa na mtoto wa umri wangu aliyenifikia, na sikuwaacha wasahau.

Nyuma ya kanisa letu la Kimethodisti kulikuwa na chumba kimoja chenye madirisha madogo. Humo Madame Numbi, mwalimu aliyekuwa halipwi na mtu yeyote, aliwafundisha wanawake kusoma. Wanafunzi wake walikuwa mama zetu. Mchana walikuwa mashambani. Walifika jua likizama, miguu ina vumbi, wakakaa kwenye viti vifupi vya kwaya na kusoma kwa taa moja.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa, akakua akigeuza samaki juu ya moshi wakati kaka zake wakipelekwa shule. Nilimwonea huruma kidogo, na kumcheka kidogo. Sikuelewa kabisa anatafuta nini mle. Nilidhani ni mchezo wao wa wakubwa, sababu ya kukaa pamoja na kuongea mbali na waume.

"Mama," nilimwambia siku moja, "weye unakwenda kusoma juu ya nini? Minyi niko."

Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. "Uko, njo," alijibu. "Na mudomo yako pia iko."

Nilikasirika, kwa sababu nilijua anasema nini. Barua za shangazi yangu kutoka Bukama zilijaa salamu ukurasa mzima, fulani na fulani na mtoto wa fulani, na mimi nilikuwa naziruka ili nifike haraka kwenye habari. Shangazi alipokuja kututembelea alishangaa kwamba mama hakujua nani amezaa na nani amefiwa. Mama hakunipiga. Ila jioni ile alienda darasani mapema kuliko siku zote.

Basi ikatokea kwamba baraza la kanisa likakitaka kile chumba. Mahindi yaliyohifadhiwa majumbani yalikuwa yanachukuliwa na watu wenye bunduki, na wafanyabiashara walikuwa tayari kulipa ili magunia yao yalale nyuma ya kanisa. Mkuu wa baraza alikuwa Papa Banza, mtu mrefu mwenye koti jeusi, ambaye alisimama wima hata akiwa amekaa. Alikuja darasani mwenyewe. Sisi watoto tulichungulia dirishani.

"Madame Numbi, minyi si muntu mubaya," alisema. "Mukuwe na chaki, bibao bya kuandikia, na bidoni mujima ya petroli, mbele ya sikukuu ya mavuno. Hapo chumba iko yenu. Mukikosa, mahindi inaingia."

Bidoni zima ni lita ishirini. Angeweza pia kuwaomba waje na treni.

Madame Numbi hakulia. Aliwahi kusikia kutoka kwa mgeni mmoja wa kanisa jinsi watoto wa mahali pengine wanavyowasaidia wasiojua kusoma: mtoto anasoma kitabu, mtu mzima anaahidi kitu kwa kila ukurasa, na vile vitu vinakwenda darasani. Alitukusanya watoto saba, akatugawia vikaratasi vya kuandikia ahadi, akasema tusome nyumbani kwa uaminifu kisha tupite kukusanya. Ni jambo zuri na rahisi, mahali pengine.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Ya Feza, yaani dada Feza, aliyeuza karanga za kukaanga mbele ya duka la Papa Salumu. Aliahidi kikombe cha chumvi kwa kurasa kumi. Siku mbili baadaye nilirudi na kikaratasi changu, kifua mbele.

"Nimesoma zote kumi. Nipatie chumvi."

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Kurasa zangu. Zile nilinunua."

"Nilizisoma nyumbani, Ya Feza. Kwa sauti."

Aliangalia mstari mzima wa wauzaji kulia na kushoto, kama mtu anayetafuta mashahidi. "Baye banasema huyu mutoto iko na akili! Ukinunua karanga yangu, niikule minyi, nikwambie ilikuwa tamu, utalipa?"

Walicheka hadi mwenye nyanya akashika mbavu. Nilieleza kuhusu mgeni, kuhusu ahadi, kuhusu wanawake wasiojua kusoma. Hakuna aliyesikiliza. Huku kwetu, kitu ulicholipia lazima kikufikie mkononi. Na kama hakishikiki, basi kikufikie masikioni. Ikabidi nikae juu ya gunia nimsomee kurasa zake kumi, kidole kikitembea chini ya maneno. Alipokwisha kunipimia chumvi aliniinamia na kusema, "Hizi ni zangu sasa. Usimusomee mwengine bure."

Jioni hiyo niliona jambo ambalo wenzangu sita hawakuliona. Wao walikuwa wamechukua Biblia na vitabu vya shule, na sokoni waliambiwa, "Yona atatoka mu samaki, tunajua. Kwenda." Mimi nilikuwa na kitabu ambacho hakuna mtu alikijua. Nilikiokota ndani ya sanduku la makaratasi ya zamani kwenye kona ya kile chumba. Hakikuwa na jalada, kwa hiyo hakikuwa na jina. Uzi wake ulikuwa umelegea, na kurasa zake zilinukia panya. Kilikuwa kwa Kiswahili. Kilimhusu Toma, mwashi aliyeshtakiwa kuiba ng'ombe wa chifu, akafungwa, akatoroka, na sasa anatembea mwituni kurudi kwao amtafute mwizi wa kweli kabla mama yake hajafukuzwa katika nyumba yake. Nilipita soko zima nikitangaza kwamba nimekisoma mara tatu, na kwamba mwisho wake utamfanya mtu aache chakula. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefika katikati.

Watu walinunua Toma kama samaki. Mwenye nyanya alinunua kurasa tano, fundi baiskeli kumi, mama mmoja wa mabehewani alilipa kwa sabuni nusu na kusikiliza amefumba macho. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na kurasa zake peke yake, hakuna aliyekuwa na hadithi. Ilibidi waulizane. Nilikuwa napita sokoni nikisikia, "Weye uko na mutoni? Toma alivuka namna gani?" na mwingine akijibu, "Unipatie limau moja, nakwambia." Fundi baiskeli, ambaye kurasa zake zilikuwa na mamba, alikunywa chai ya bure wiki nzima. Sabuni ikabadilishwa chaki. Chumvi na samaki vikatupatia seremala na rangi nyeusi, na vibao vikatoka kumi na vitano. Wenzangu waliendelea kusoma kwa bidii, sitaki kuwapunguzia, lakini vibao vile vilikuwa vya Toma, na Toma alikuwa wangu.

Likabaki bidoni.

Papa Salumu ndiye aliyekuwa na petroli. Alikuwa Mwislamu, watu wake walitoka Maniema zamani wakifuata biashara, na duka lake lilikuwa na kila kitu kilichokosekana kwingine. Kwa wiki nzima alikuwa amesikiliza kurasa za Ya Feza kupitia ukuta wa mbao bila kulipa. Siku moja akaniita.

"Umba! Mwisho iko ya nani?"

"Bado haina mtu, Papa."

"Karatasi ngapi?"

Nilijua hadithi inafika ukurasa wa tisini na sita, kwa sababu orodha ya sura mwanzoni ilisema hivyo. "Kutoka themanini na tisa. Karatasi nne."

"Minyi nanunua zote ine. Bidoni mujima." Alilipiga teke kidogo lile bidoni la njano lililokuwa chini ya meza ili nisikie lilivyojaa. "Kusoma najua, usifikiri. Kitabu njo sina."

Nilidhani anataka mwisho kwa sababu matajiri hununua kila kitu cha mwisho. Sikujali. Nilirudi nyumbani nikiruka.

Ijumaa baada ya sala nilikaa mbele ya duka lake. Soko zima lilikuwa limesogea, ingawa kurasa zilikuwa za mtu mmoja. Alisema wasikilize tu, yeye si mchoyo. Kwanza niliwakumbusha ukurasa wa themanini na nane, Toma amesimama mbele ya hakimu na kamba mikononi. Nikafunua.

Hakukuwa na kitu. Uzi tu ulikuwa unaning'inia.

Wakati huohuo nikakumbuka. Miezi miwili kabla, nilipokiona kile kitabu mara ya kwanza, kilikuwa makaratasi tu. Ya Feza alikuwa anatafuta karatasi za kufungia karanga, na mtoto aliyemletea karatasi nne alipata karanga za kujaa mkono. Nilikuwa nimevuta nne za nyuma, zilitoka kirahisi, na nikala karanga zangu nikitembea.

Nilitazama nyuso zile. Nikafumbua mdomo. "Ndipo hakimu akasimama," nilisema kwa sauti ileile ya kusoma, "akasema, mfungueni huyu mtu…"

Papa Salumu aliinama juu ya meza. "Kidole yako," alisema polepole. "Haitembee."

 Zikaja kelele: "Aaa! Muongo!" "Alisema amesoma mara tatu!" "Arudishe samaki yangu!" Papa Salumu akakifunga kitabu mikononi mwangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nilinunua ya kuandikwa," alisema. "Ya kichwa yako kila mutoto iko nayo. Bidoni inabaki."

Zilikuwa zimebaki siku sita kufika sikukuu ya mavuno.

Mama alikuwa anasafisha sombe, majani ya muhogo, nilipofika. Nilimweleza yote, karanga pia. Nilingoja kofi. Yeye alifuta mikono, akavuta majivu ya jiko kwa kiganja yakawa sawasawa mbele yangu.

"Jina ya huyu muntu. Uandike."

Nikaandika TOMA kwenye majivu. Nikataka kumsomea, nikanyoosha kidole. Aliusukuma mkono wangu pembeni.

"Hii ni *to*," alisema. "Hii ni *ma*." Walikuwa wamejifunza vokali na mistari miwili tu pale darasani, ya *ma* na ya *ta*, na ilitosha. Aliliangalia lile jina muda mrefu, kama mtu anayeangalia uso wa mgeni ili amtambue sokoni. Halafu akajitanda akatoka kwenda kwa wanawake wenzake.

Mnakumbuka kwamba wakati wa vita karatasi haikutupwa. Ukimaliza karanga unakunjua karatasi, unahifadhia mbegu, chumvi, kidonge, meno ya kwanza ya mtoto. Ya Feza alisema hajui nani alipata zipi, lakini zote ziliuzwa hapahapa kati ya soko na stesheni. Basi wanawake kumi na tano waligawana barabara. Walipita nyumba kwa nyumba kabla ya kwenda shambani na baada ya kurudi, wakisema, "Mutufungulie bikaratasi byenu, tunatafuta Toma." Jirani mmoja aliyekuwa amekimbia kutoka kaskazini aliposikia watu wanapita wakitafuta mtu kwa jina na kuuliza karatasi, alifunga mlango akaingia chini ya kitanda. Ilibidi Madame Numbi akae kizingitini amwimbie wimbo wa kanisa hadi atoke.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na mbegu za lengalenga, mchicha wetu. Ya pili ilikuwa imesokotwa kuziba chupa ya mawese, na mafuta yalikuwa yameifanya ing'ae hadi maneno ya upande wa pili yakaonekana katikati ya haya. Mimi nilikuwa natembea nyuma yao nikijitolea kusoma kila kipande. Hawakunihitaji. Mwanamke anachukua karatasi, anapitisha kidole, midomo inacheza, "to… to… hapana, hii ni *ta*," anairudisha na kushukuru. Hawakujua karatasi inasema nini. Walijua tu kwamba Toma hayumo.

Siku ya tano jioni, Madame Numbi na mama walienda kwa Papa Banza kumwomba aongeze siku. Nilienda nao. Alitupokea uani, wima kwenye kiti chake. Akasema siku ni siku. Mimi nilikuwa naangalia vitabu vyake vilivyoonekana kupitia mlango uliokuwa wazi, nikihesabu ni vingapi ningeweza kumaliza. Yeye akaingiza mkono ndani ya koti, kama mtu aliyesahau kwamba hayuko peke yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa.

"Papa," mama akasema. "Ile karatasi iko na Toma."

Mkono wa Papa Banza ukasimama hewani. "Hii ni dawa."

"Eyo, vidye," mama akajibu, kama mwanamke wa Kiluba anavyomjibu mkubwa, akapiga magoti. "Dawa ibaki. Tunaomba karatasi."

Ilikuwa tumbaku ya kunusa. Harufu ilitufikia sote watatu, na sote tulijua mara ngapi alikuwa amesimama mimbarani kuwakemea vijana kwa ajili yake. Mama alikinga mikono yake miwili chini ya mkono wa Papa Banza kwa heshima zote. Akaikunjua ile karatasi, akaimimina tumbaku katika kiganja chake yule mzee bila kumwaga hata punje, akasimama. Nilichungulia. Tisini na tano upande huu, tisini na sita upande ule. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kile kikaratasi, mimi msomaji wa Kamina nzima, na sikukiona. Aliyekiona ni yeye, kwa mwanga wa jua linalozama, upande mmoja tu wa herufi ukionekana kwenye mkunjo. Sijawahi kupata cheti kilichonipa kifua kikubwa kama nilichokuwa nacho nikitembea nyuma ya mama yangu jioni ile.

Moja iliyobaki haikupatikana. Kesho yake asubuhi, siku yenyewe ya sikukuu, nilikaa tena mbele ya duka, na safari hii kidole kilitembea. Nilisoma jinsi hakimu alivyomwita shahidi aliyefunika uso. Nilisoma, polepole kwa sababu ya mawese, jinsi shahidi alivyoanza kuvua kitambaa. Hapo karatasi ya tatu, kurasa tisini na tatu na tisini na nne, haikuwepo. Na kwenye ya mwisho Toma tayari yuko nyumbani, huru, anamjengea mama yake ukuta mpya. Nani alikuwa shahidi? Nani aliiba ng'ombe? Soko liligawanyika palepale. Nawaambia, kuna watu wazima humu mjini ambao hadi leo hawakubaliani.

Papa Salumu alisikiliza hadi neno la mwisho, macho chini. Kisha akaleta bidoni na mpira, akanyonya, akatema, na kurudisha sehemu moja kati ya nne ndani ya pipa lake.

"Nilinunua ine," alisema. "Umeleta tatu. Siku utaleta ingine, hii robo iko hapa, inakungojea." Halafu, naye akichagua upande wake, akaongeza kwa sauti ya chini, "Ilikuwa mwizi ni muke wa chifu. Najua."

Wanawake walilibeba bidoni hadi kanisani kati ya maboga na ndizi za sadaka. Waumini walikuwa wanatoka. Papa Banza alilitikisa mwenyewe, akasikia lilivyocheza.

"Nilisema mujima," akasema. Nyuma yake, mwenye magunia alikuwa amekwisha kufika na mkokoteni. Madame Numbi alifumba macho.

Mama alisogea mbele. Mwanamke huyu alikuwa hawezi kumtazama mkuu wa baraza usoni. Hata siku hiyo hakumtazama. Alitazama vifungo vya koti lake.

"Eyo, vidye. Ni kweli, haiko mujima. Karatasi moja bado inatembea mu mifuko ya bantu. Kama Papa anapenda, tutaendelea kutafuta. Mufuko kwa mufuko. Hapa, leo, bantu bote bako."

Watu walicheka, wakidhani anafanya mzaha juu ya Toma. Papa Banza hakucheka. Mkono wake ulipanda kifuani, ukashuka. Alikohoa mara mbili.

"Chumba iko yao," akamwambia yule wa mkokoteni. "Peleka mahindi yako mahali pengine."

Jioni ile nilivaa gauni langu la Jumapili. Nilifika darasani pamoja na mama, nikakaa kwenye kiti cha mbele na kitabu cha Toma magotini, nikingoja. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kujibu watakaponishukuru. Madame Numbi akajaza taa, ile harufu ikaenea chumbani, akawasha. Wanawake walishika vibao vyao vipya. Mama alinitazama kana kwamba nimepotea njia.

"Umba, unafanya nini humu?"

"Nimekuja kuwasaidia."

"Madame iko. Toka."

"Lakini mama, minyi njo nili—"

"Toka, mutoto wangu. Funga mulango. Petroli inaisha, na siye tuko na kazi."

Nilitoka. Nilikaa kwenye ngazi, uso unawaka, nikiwa na hasira ya mtu aliyedhulumiwa mbele ya dunia nzima. Ndani chaki ililia juu ya ubao. Madame Numbi alikuwa anaandika mstari mpya, wa tatu, ambao hawajaujua. Wakaanza kuusoma wote pamoja, sauti za watu waliolima tangu asubuhi, wakikosea, wakicheka, wakirudia. Ilikuwa rahisi mno kwangu. Nikaanza kuusema pamoja nao kutoka nje, kwa sauti, nikiwatangulia kidogo ili wasipotee.

Sauti ya mama yangu ikapita katika mlango. "Umba! Nyamaza. Unatuchanganya."

Nikanyamaza. Watu wa Kamina wanaonifahamu watawaambia kwamba hilo halijatokea mara nyingi.